Jinsi ya kubadilisha betri ya simu ya kodlesi, na ile ya zamani uipeleke wapi

Simu ya mezani ya kodlesi (ile isiyo na waya) ikianza kukata baada ya dakika mbili tatu za maongezi watu wengi wanaitupa wananunua nyingine, wakati mara nyingi kilichokufa ni betri tu. Mapokezi ya hoteli, zahanati na maofisi mengi bado wanazitumia hizi simu na kazi yenyewe unaifanya bila hata kumwita fundi. Ila kuna sehemu mbili naomba usizifanye kienyeji: kuchagua betri, na kutupa ya zamani.

Hatua ya 1: hakikisha tatizo ni betri
Chomoa besi (kile kitako cha kuchajia) kwenye umeme, angalia vile vichuma viwili pale handseti (ile unayoshika kuongea) inapokaa na vingine vilivyo kwenye handseti yenyewe, vikiwa vimeshika weusi vifute na kitambaa kikavu au ufutio wa penseli, rudisha umeme uiache ichaji usiku kucha. Asubuhi ikikata tena haraka basi betri imechoka. Mwenye mita ya kupimia volti apime kabisa: pakiti ya volti 3.6 ina seli tatu za volti 1.2 kila moja, ikitoka kwenye chaji inatakiwa isome juu kidogo ya 3.6, ukiona 2.5 hivi jua seli moja imeshakufa.

Hatua ya 2: soma lebo
Fungua mfuniko wa nyuma, nyingi unasukuma tu na kidole gumba. Utakuta betri mbili ndogo za AAA, au pakiti ya seli tatu zilizofungwa pamoja yenye waya mwekundu na mweusi na kiplagi kidogo. Piga picha kabla hujagusa kitu. Volti lazima zilingane kabisa. Aina pia fuata lebo, kama ni Ni-MH (aina ya betri ya kuchajiwa) nunua Ni-MH. mAh (kiasi cha chaji betri inachobeba) ikizidi kidogo haina shida, itachelewa kujaa tu.

Hatua ya 3: dukani
Hapa ndo watu wanaumia. Betri za kawaida za rimoti usiweke kabisa hata kama zinaingia vizuri, hazikutengenezwa kuchajiwa, ukirudisha handseti kwenye besi zinapata moto, zinavuja na zinaweza kupasuka. Halafu kuna za lithiamu zenye umbo lilelile la AAA, zimeandikwa 10440 na volti 3.7, hizo ni mbaya zaidi maana moja tu ina volti mara tatu ya zinazotakiwa. Na AAA ya Ni-MH iliyoandikwa 1800 mAh iache hapohapo, huo ni uongo, nzuri kabisa za saizi hiyo zinaishia kwenye 1000 na kitu.

Hatua ya 4: kufunga
Shika kiplagi chenyewe, usivute waya. Kabla ya kuchomeka mpya zilaze zote mbili pamoja uhakikishe nyekundu na nyeusi zimekaa upande uleule, maana zipo pakiti za kiplagi kilekile ila waya zimegeuzwa. Ukikuta unga mweupe kwenye vichuma, betri ilivuja, na ule unga unachoma ngozi na macho, kwa hiyo vaa glovu, usiupulize, chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo usugue taratibu halafu ukaushe kabisa. Funga, chaji mara ya kwanza bila kukatiza: AAA nyingi zinataka kama saa 7, pakiti zinaweza kufika 16.

Hatua ya 5: ile ya zamani
Usichome moto pamoja na takataka za uani, usitupe shimoni, usimpe mtoto achezee, na usimuuzie wa skrepa anayekwenda kuipasua. Ikichomwa inaweza kulipuka, na kama ni Ni-Cd (aina nyingine ya betri ya kuchajiwa) ndani kuna kadmiamu, metali yenye sumu ambayo ikiingia mwilini inakaa kwenye figo miaka na miaka. Kule Toyama nchini Japani kadmiamu ya mgodini iliingia mto Jinzu mpaka kwenye mashamba ya mpunga, watu wakaharibika figo na mifupa ikawa inavunjika kwa maumivu makali, serikali yao ikatambua rasmi ugonjwa huo mwaka 1968. Betri yako moja haifiki huko, lakini dampo halipokei betri moja.

Kwa hiyo ziba ncha zote mbili au kiplagi kwa selotepu ili zisigusane zikapiga shoti, weka kwenye kopo la plastiki kavu mbali na jua, kusanya za ofisi nzima. Ukiwa Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za kielektroniki, Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve cha kazi hiyohiyo kule Bugesera, na Tanzania uliza ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ya kanda yako mkusanyaji yupi wa taka za kielektroniki ana kibali. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea betri. Iliyovuja ifungie kwenye mfuko wake peke yake na uandike juu IMEVUJA, ili atakayeipokea ajue avae glovu.