SOMO: Kulinganisha renjifainda ya FED-2 bila kufungua kofia ya kamera

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Mbona nimelinganisha vizuri dirishani lakini picha imetoka na ukungu?" Naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kwa wageni wa kamera hizi: ukiwa na renjifainda huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia dirisha la pembeni, unaona taswira mbili zimelaliana, unazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Kati ya vioo vya dirisha na lenzi kuna mkono mdogo wa chuma unaogusa mgongo wa lenzi, huo ndio unaopeleka habari. Kamera ikidondoka, au ikirushwa na makorongo ya barabara miaka mingi ndani ya begi, vioo vinasogea kiasi cha unywele. Dirisha litakwambia "sawa", filamu itapata kitu kingine. Wengi hapo hulaumu lenzi, wakanunua nyingine, na picha zikabaki vilevile.

Ninayotumia ni FED-2, kamera ya Kharkov iliyotengenezwa kuanzia 1955 hadi 1970, na lenzi ya Industar-61 ya milimita 55, f/2.8 (yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa). Niliachiwa na baba mdogo aliyerudi nayo kutoka masomoni Kiev. Zorki-4 inafanana nayo kwa kazi hii, ila skrubu zake zimekaa tofauti kidogo. Yashica, Canonet na nyingine za Kijapani ambazo lenzi haitoki zina mpangilio wake. Usizichokonoe kwa kufuata somo hili.

Vifaa: bisibisi ndogo mbili za fundi saa, kipande cha tyubu ya baiskeli, selotepu isiyong'aa au karatasi ya kuchorea ramani inayopitisha mwanga, lenzi ya kukuzia, futi ya fundi cherehani, tripodi, rangi ya kucha.

Hatua ya 1. Toa filamu, futa vioo vya nje kwa kitambaa laini.

Hatua ya 2. Rekebisha jicho lako kwa kile kijiti kilichozunguka kitufe cha kurudishia filamu, mpaka dirisha lionekane kali.

Hatua ya 3. Hakikisha lenzi yenyewe ni nzima. Mgongo wa FED-2 unatoka wote, kwa hiyo kazi ni nyepesi: bandika selotepu au karatasi kwenye reli mbili za ndani, pale filamu inapolala, iwe imenyooka kabisa. Vuta shata (pazia la kitambaa linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu) kwanza, ndipo uchague B, ambapo shata hubaki wazi kitufe kikiwa kimeshikiliwa. Mtu wa pili akushikilie kitufe. Fungua lenzi f/2.8, iweke kwenye alama ya nane iliyolala, elekeza mbali sana, angalia kwa lenzi ya kukuzia. Taswira ikiwa kali, endelea. Isipokuwa kali, simama hapo: huenda pete nyembamba za kujazia mgongoni mwa lenzi zimepotea au zimechanganywa na za lenzi nyingine. Ukirekebisha vioo ili vifuate lenzi mbovu utakuwa umeharibu viwili.

Hatua ya 4. Juu na chini. Shika pete ya nje ya kidirisha kidogo cha duara kilicho usoni mwa kamera kwa kile kipande cha tyubu, ifungue. Ndani kuna kioo kilichokatwa mshazari kidogo, nacho kina pete yake. Kizungushe taratibu mpaka mstari uliolala, kama sitaha ya meli au paa la nyumba ya mbali, usionekane mara mbili. Kioo hicho kikizunguka kinasukuma taswira pembeni pia, ndiyo maana hatua hii inatangulia ile inayofuata. Ukizigeuza, utarudia kazi.

Hatua ya 5. Mbali kabisa. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo soma kila neno.

Usoni mwa kamera, kati ya dirisha la kuchungulia na kidirisha cha duara, kuna skrubu ndogo. Hiyo ni kifuniko tu. Itoe, iweke kwenye kisosi. Ikidondoka sakafuni hutaiona tena. Ndani ya tundu utaona skrubu nyingine, ndiyo inayosogeza taswira kulia na kushoto. Lenzi ikiwa imegota kwenye nane iliyolala, taswira mbili za kitu cha mbali lazima ziwe moja.

Sasa, "mbali" ni wapi? Mara ya kwanza mimi nilitumia nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, kama mita 15 kutoka barazani. Kwa jicho ilionekana mbali ya kutosha. Nililinganisha vizuri, nikafunga, nikaenda kupiga harusi ya binti wa jirani yetu. Filamu tatu. Zilipotoka, maua ya pazia nyuma ya bibi harusi yalikuwa makali kiasi cha kuhesabu petali, na uso wake umelegea. Picha moja baada ya nyingine, vilevile. Mama yake alizipokea akasema ahsante, akaziweka kabatini. Sikuwahi kuziona ukutani kwao.

Sababu yake ni hii. Lenzi ya milimita 55 ikilenga kitu cha mita 15 inapaswa kutoka mbele kama milimita 0.2 kuliko ikilenga mbali kabisa. Mimi niliiambia kamera kwamba mita 15 ndiyo mbali kabisa, kwa hiyo ile 0.2 ikapungua kila mahali. Kwa mtu aliyesimama mita 2, ukali uliangukia karibu sentimita 30 nyuma yake. Kwa f/2.8 hapo hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo:
- Kitu chako kiwe kilometa moja au zaidi. Mimi huenda ufukweni nikatumia mlingoti wa meli zilizotia nanga zikisubiri kuingia bandarini: mstari uliosimama, mweusi, nyuma yake anga. Usiku, mwezi.
- Usilenge jua, wala usiiache kamera ya pazia la kitambaa ikiangalia jua bila kifuniko. Lenzi inakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto na inatoboa pazia.
- Zungusha skrubu ya ndani robo ya robo, angalia, tena. Ikikaza, usilazimishe.
- Bisibisi ijae mfereji wa skrubu. Ikiteleza itaacha mkwaruzo usoni mwa kamera, nami ninao mmoja.
- Kila baada ya kurekebisha, toa lenzi kwenye nane iliyolala, irudishe, angalia upya. Mkono wa ndani unaweza kuwa ulikwama.

Hatua ya 6. Karibu. Nyoosha futi mezani, weka sarafu imesimama mita 1 kamili, ukipima kutoka filamu inapolala, siyo kutoka uso wa lenzi. Linganisha dirishani, kisha soma alama ya lenzi. Mbali ikiwa sawa na karibu ikakataa, tatizo liko kwenye ncha ya ule mkono. Usiukunje. Mpelekee fundi.

Hatua ya 7. Rudia hatua ya 4 na 5 mara moja, rudisha kifuniko, tone dogo la rangi ya kucha kwenye pete ya nje.

Hatua ya 8. Piga picha sita kwa f/2.8 za gazeti lililobandikwa mshazari ukutani, safisha filamu kwa dawa mpaka picha zitokee, angalia. Ndipo ukubali kazi ya watu.

---

MASWALI

picha_kali: Mkuu kamera yangu haina fokasi, tatizo nini?

Mwandishi: Kamera gani? Lenzi gani? Hatua ya 3 ilikupa jibu gani?

picha_kali: Sijasoma yote mkuu, ni ndefu. Nipe kwa kifupi.

Mwandishi: Kwa kifupi ni hatua ya 3 mpaka ya 6. Ziko hapo juu.

binti_wa_dom: Shikamoo. Nipo Dodoma, meli sina. Mnara wa simu ulio kama mita 300 utanifaa? Na je, kuna hesabu ya kujua kosa ni kubwa kiasi gani?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri sana. Hesabu ni nyepesi: zidisha urefu wa lenzi kwa urefu wa lenzi, gawanya kwa umbali, vyote kwa milimita. 55 mara 55 ni 3,025. Kwa mita 15 gawanya kwa 15,000, unapata 0.2. Kwa mita 300 ni 0.01 tu, na filamu kwa f/2.8 inavumilia kama 0.08 kila upande. Mnara wako unafaa kwa Industar. Ila hapo Dodoma una vilima kila upande na anga safi. Jiwe au mti wa kileleni utakupa zaidi ya kilometa, na hewa ya asubuhi haijaanza kucheza. Ukisubiri mchana, joto litafanya taswira itetemeke.

binti_wa_dom: Nimeelewa. Kwa hiyo mwenye lenzi ya milimita 85 aende mbali zaidi?

Mwandishi: Umepata. 85 mara 85 ni 7,225, zaidi ya mara mbili. Na ndiyo maana FED-2 inapendwa kwa lenzi ndefu: umbali kati ya madirisha yake mawili ni milimita 67, kwa hiyo kosa dogo linaonekana mapema.

fundi_mtaa: Nimefuata maelekezo yako, skrubu ya ndani imevunjika kichwa. Umeniharibia kamera.

Mwandishi: Pole kwa kamera. Lakini nimeandika: ikikaza, usilazimishe. Ulitumia bisibisi gani?

fundi_mtaa: Ncha ya kisu.

Mwandishi: Basi sina la kuongeza juu ya hilo. Mpelekee fundi saa, kutoa skrubu iliyokatika ni kazi anayoiweza. Usiendelee mwenyewe.

mjukuu_wa_studio: Kaka, nina Yashica Electro 35 GSN ya marehemu babu. Ule mraba wa katikati, inapotokea taswira ya pili, umefifia, siuoni ndani ya nyumba. Nifungue juu nisafishe kwa spiriti?

Mwandishi: Usipeleke spiriti kwenye kile kioo cha mshazari! Kina utando mwembamba wa madini unaorudisha nusu ya mwanga, na unatoka kwa kufutwa mara moja. Nimewahi kushika kamera ya mtu, pamba ikapita mara mbili, nikaona rangi ya dhahabu imehamia kwenye pamba. Kamera ikabaki na kioo kitupu. Ukifungua, puliza vumbi kwa pampu ya mpira, futa vioo vingine tu. Kabla ya hapo jaribu hili: kata kipande kidogo cheusi cha selotepu, bandika katikati ya dirisha kubwa kwa mbele, panapolingana na mraba. Taswira ya moja kwa moja inazibwa, ya pili inabaki peke yake na inaonekana wazi. Haiharibu chochote.

mjukuu_wa_studio: Imefanya kazi, nashukuru sana. Betri je? Ile ya zamani haipatikani.

Mwandishi: Ilikuwa ya zebaki, volti 5.6. Weka 4LR44 ya volti 6, jaza nafasi inayobaki kwa springi na bomba la karatasi. Bila betri itapiga 1/500 peke yake, kwa jua la saa sita mchana unaweza kuishi nayo.

pwani_tupu: Hapa Tanga lenzi zangu zinaota kuvu kila masika. Dawa?

Mwandishi: Toa kamera kwenye mfuko wa ngozi, ngozi inanywa unyevu na kuvu inaipenda. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, vipakiti vya silika, vikilowa vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo. Na itumie kamera. Lenzi inayotoka nje mara kwa mara haioti haraka kama ya kabatini.

kahawa_bk: Mkuu, umesema "safisha" kama jambo dogo. Huku Bukoba studio zimeacha filamu. Nimesikia watu wanasafisha kwa kahawa, kweli?

Mwandishi: Kweli, na wewe uko mahali penyewe. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka. Africafe ya hapo kwenu inafaa. Filamu ya nyeusi na nyeupe, dakika 15 kwa nyuzi 20. Dawa ya kugandishia picha bado utainunua, kahawa haifanyi kazi hiyo.

kahawa_bk: Kaboneti ndiyo magadi ya sokoni?

Mwandishi: Magadi mabichi yana chumvi nyingine na mchanga, kipimo hakitakaa sawa. Chukua baking soda, gramu 86, itandaze kwenye sufuria pana, ipashe moto huku ukikoroga. Mwanzoni itachemka kama maji, ni gesi inatoka. Ikitulia, endelea kwa dakika kadhaa. Kitakachobaki ni kaboneti, karibu gramu 54. Usiguse costic ya kutengenezea sabuni, inaunguza ngozi.

pwani_tupu: Na sisi ambao maji ya bomba ni nyuzi 29?

Mwandishi: Beseni la maji, barafu ya mfuko mmoja wa dukani, kopo la dawa limesimama katikati, kipimajoto ndani. Subiri ifike 20, ndipo umimine. Maji ya kusuuzia nayo yakae humo humo. Filamu ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye maji ya moto ngozi yake inakunjamana.

binti_wa_dom: Nimerudi. Nimetumia jiwe la kileleni, saa moja asubuhi. Kosa lilikuwepo, taswira ya pili ilikuwa kulia kwa upana wa uzi. Nimezungusha kidogo tu. Gazeti la hatua ya 8 limetoka, naomba uangalie: nililenga kichwa cha habari cha katikati.

Mwandishi: Nimeliangalia. Kichwa cha katikati kinasomeka, hata nukta zake za wino, na mistari ya pembeni inalegea sawa pande zote mbili. Rudisha kifuniko, weka rangi ya kucha.