Jinsi ya Kuupima Upepo Kabla ya Kuusifu Muda wa Mpanda Milima kwa Baiskeli

Mwaka juzi niliwatangazia vijana ninaowafundisha baiskeli hapa Mkoani, Pemba, kwamba mmoja wao amepunguza sekunde 20 katika kilima cha kutoka bandarini kwenda mjini, nikampongeza mbele ya wenzake. Jioni, nilipolipitia daftari langu, niligundua kwamba mara ya kwanza alipanda upepo wa kusi ukiwa umekaza na kumpiga kifuani, na mara ya pili ilikuwa siku ya shwari. Tangu hapo sisemi lolote juu ya muda wa kilima, kiwe chetu au cha Ufaransa, bila ya kupitia hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Jua barabara inaelekea wapi. Chukua ramani na uigawe njia vipande vipande, kila kipande na uelekeo wake. Alpe d'Huez, mpando maarufu wa mashindano ya baiskeli Ufaransa, ina kilomita 13.8 na kona 21, kwa hiyo upepo uleule huwa wa omo (wa mbele) katika kipande kimoja na wa tezi (wa nyuma) katika kinachofuata. Andika pia palipo na miti na palipo wazi. Katika Mont Ventoux, mlima mwingine wa Ufaransa, kilomita 6 za mwisho, kuanzia Chalet Reynard, ni mawe matupu. Tarehe 14 Julai 2016 waandaaji wa Tour de France walilazimika kuushusha mstari wa kumalizia kutoka kileleni hadi hapo kwa sababu ya upepo.

Hatua ya 2: Tafuta kasi ya upepo, kisha uipunguze. Utabiri wa hali ya hewa hutaja upepo wa mita 10 juu ya ardhi, ilhali kifua cha mwendeshaji kiko kama mita moja tu. Mahali pa wazi chukua baina ya nusu na theluthi mbili ya kasi iliyotajwa. Penye miti mingi, kama barabara zetu zinazopita kwenye mikarafuu, chukua chini ya hapo. Kumbuka vilevile kwamba jua la mchana linapoipasha miteremko, hewa ya bondeni hupanda kuelekea juu, na waliopanda alasiri huweza kusukumwa na upepo ambao utabiri wa eneo zima haukuutaja.

Hatua ya 3: Linganisha pembe. Upepo unaokuja mbele moja kwa moja uhesabu wote. Ukija kwa nyuzi 45, hesabu asilimia 70. Kwa nyuzi 60, nusu. Wa ubavuni kabisa unaweza kuuacha katika hesabu hii ya haraka.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mlimani uzito ndio kila kitu. Nimchukulie mwendeshaji mwenye kilo 68 pamoja na baiskeli yake, katika mwinuko wa asilimia 8, akienda mita 6 kwa sekunde kwa nguvu ya wati zipatazo 370. Mlima humvuta nyuma kwa nyutoni (kipimo cha nguvu ya kuvuta au kusukuma) 53 hivi, matairi kwa chini ya 3, na hewa kwa 6 tu. Lakini nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi ambayo hewa hiyo inakutana naye, si kwa kasi yenyewe. Ukija upepo wa mbele wa mita 2 kwa sekunde, ambao sisi wa Mkoani hatuuiti hata upepo, zile nyutoni 6 zingekaribia 11 kama angeubakisha mwendo wake. Kwa wati zilezile, kilomita 13.8 ambazo angezimaliza kwa dakika 38 na sekunde 20 sasa zitamchukua kama dakika 40 na sekunde 47. Upepo huohuo ukiwa nyuma yake atamaliza kwa takriban dakika 36 na nusu.

Ziangalie tofauti hizo mbili: amepoteza takriban dakika 2 na sekunde 27, lakini amepata dakika 1 na sekunde 50 tu. Hivyo, hata njia ikiwa nusu na nusu, bado atachelewa sekunde 18 hivi kuliko siku ya shwari, na ndiyo maana sikubali hoja ya kwamba kona za Alpe d'Huez hufuta upepo.

Hatua ya 5: Uliza nani alikuwa mbele. Aliyejificha nyuma ya wenzake hadi kilomita za mwisho hakulipa gharama yote ya upepo wa mbele, na muda wake usilinganishwe na wa aliyepanda peke yake.

Hatua ya 6: Rudia, kama unaweza. Yule kijana nilimpandisha tena alfajiri mbili za shwari, na alikuwa amepunguza sekunde 4, nazo ndizo nilizoziandika.