Somo: Kumzoeza mwanafunzi wa sekondari ya juu wa China kusikiliza na kusoma Kiingereza kwa ufahamu

Ndugu wanachama, somo hili nimewaandikia wenzetu wanaoishi China, wanafunzi wa vyuo na wengineo, ambao mara kwa mara huombwa na wenyeji wao au na walimu wa shule za karibu wawasaidie watoto wa sekondari ya juu katika Kiingereza. Kazi hiyo nimeifanya kwa kujitolea kwa miaka minne mjini Changsha, mkoani Hunan, na ninayoyaeleza hapa nimeyajaribu kwa wanafunzi wa miaka yote mitatu ya ngazi hiyo.

Jambo ninalotaka lishikwe tangu mwanzo ni kwamba mwanafunzi anayekosa alama za ufahamu mara nyingi hana upungufu mkubwa wa msamiati. Maneno anayajua, kwa kuwa amekuwa akiyakariri tangu darasa la tatu la shule ya msingi. Tatizo ni kwamba sikio lake halijawahi kukutana na neno hilo likitamkwa haraka katikati ya maneno mengine, na jicho lake halijazoea kuifuata sentensi ya Kiingereza kwa mpangilio wake yenyewe. Ndiyo maana ninapingana, kwa heshima zote, na desturi ambayo wanafunzi wenyewe huiita shua ti, yaani kusugua maswali: kufanya karatasi za majaribio moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma. Chagueni sauti chache na vifungu vichache, mvichimbe mpaka visibaki na siri.

Hatua ya kwanza: ujue mtihani anaouandalia

Mwanafunzi huyu anajiandaa kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaoanza tarehe 7 Juni kila mwaka. Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, na kina alama 150. Katika karatasi ya kitaifa inayotumika Hunan, sehemu ya kusikiliza ina maswali 20 yenye alama 30, na sehemu ya kusoma ina maswali 20 yenye alama 50. Sehemu hizo mbili peke yake ni alama 80, zaidi ya nusu ya karatasi nzima.

Sehemu ya kusikiliza huchukua kama dakika 20. Kwanza huja mazungumzo mafupi matano, kila moja na swali moja, na husomwa mara moja tu. Kisha huja mazungumzo marefu na masimulizi yenye jumla ya maswali 15, na haya husomwa mara mbili. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua. Mwambieni mwanafunzi mapema kwamba kwa sababu ya sauti hiyo, mlango wa chumba cha mtihani wa Kiingereza hufungwa saa nane na dakika arobaini na tano, robo saa kabla ya mtihani kuanza. Aliyechelewa hapo haingii tena.

Hatua ya pili: macho yatangulie masikio

Kabla ya mazungumzo marefu, mwanafunzi hupewa sekunde tano kwa kila swali. Wengi huzipoteza sekunde hizo kwa kutafsiri swali zima kwa Kichina. Mfundisheni kupiga mstari chini ya neno la kuuliza na neno moja zito, basi: nani, wapi, kwa nini, na kitu gani. Kisha ayatazame majibu matatu na kujiuliza yanatofautiana wapi. Yakiwa ni saa tatu tofauti, anajua kwamba atasikia saa zaidi ya moja na kwamba atalazimika kufanya hesabu ndogo.

Hatua ya tatu: imla, nusu dakika kwa wakati mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na wenyeji huiita jingting, kusikiliza kwa kina. Chukueni mazungumzo ya nusu dakika tu. Mwanafunzi ayasikilize mara moja bila kuandika, aseme kwa lugha yoyote yamehusu nini. Kisha msimamishe sauti baada ya kila sentensi naye aiandike yote, hata neno asilolijua aliandike kama alivyolisikia. Arudie mara tatu au nne, asizidishe. Baada ya hapo mpeni maandishi, asahihishe kwa wino mwekundu bila kufuta alichoandika mwanzo, kwa sababu kosa lenyewe ndilo somo.

Nitoe mfano niliouandika mwenyewe kwa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Mwanamume anasema: "The train leaves at a quarter to three, doesn't it?" Mwanamke anajibu: "It used to. Now it leaves fifteen minutes earlier." Swali ni treni inaondoka saa ngapi. Binti yule alichagua saa tisa kasorobo, na nilipouliza sababu alisema ndiyo saa aliyoisikia. "Quarter to three" alikuwa ameipata bila taabu, kwani Wachina nao husema cha yi ke, kumepungua robo, sawasawa na kasorobo yetu. Lakini kwenye imla yake, pale penye "It used to", palikuwa na nafasi tupu. Neno "used" alikuwa amelisoma mara mamia. Hakuwahi kulisikia likitamkwa "yustu" kwa pumzi moja. Kwa kuwa hilo lilimpita, hakujua kwamba saa ile ilikuwa ya zamani, na kwamba treni sasa inaondoka saa nane na nusu. Hapo alielewa kosa lake kwa dakika tano, jambo ambalo karatasi kumi za majaribio hazikuwa zimemwonyesha.

Kila kosa la imla aligawe katika daftari lake la makosa, ambalo karibu kila mwanafunzi wa huko analo kwa masomo mengine. Je, neno hakulijua kabisa? Alilijua kwa macho lakini si kwa masikio? Ni tarakimu? Au ni kiambishi cha mwisho kilichompotea? Hili la mwisho lina sababu. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, au kwa n, ng, na wakati mwingine r. Mwanafunzi hajazoea kungoja konsonanti nyingine mwishoni mwa neno, hivyo "worked" na "work" kwake ni kitu kimoja, na kitenzi cha Kichina nacho hakibadiliki kwa wakati. Sisi tuliogeuza "club" kuwa kilabu na "bank" kuwa benki tunapaswa kumwelewa upesi na kumvumilia.

Tarakimu nazo zitengewe muda wake. Mchina huhesabu kwa makumi elfu, yaani wan, kwa hiyo laki tatu na elfu ishirini kwake ni wan thelathini na mbili. Anaposikia idadi hiyo kwa Kiingereza inambidi aivunje na kuijenga upya, na wakati huohuo sentensi inayofuata imekwishapita. Msomeeni tarakimu kumi kila siku, aziandike papo hapo bila kuzitafsiri.

Hatua ya nne: mdomo uifuate sauti

Mazungumzo yakishaeleweka, mwanafunzi ayarudie pamoja na sauti iliyorekodiwa, akibaki nyuma yake kwa neno moja au mawili, na aige mikazo na miunganiko yote. Kuna wakati maalumu wa jambo hili: zaodu, kipindi cha asubuhi ambacho darasa zima husoma kwa sauti. Wengi hukitumia kukariri orodha za maneno. Dakika kumi za kipindi hicho zikiwekwa kwenye mazungumzo yaleyale ya imla, sikio hubadilika baada ya wiki chache, kwa sababu neno ambalo mdomo umelitamka kwa kasi, sikio halilishangai tena.

Hatua ya tano: kusoma kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza

Katika kusoma kuna vifungu vinne vyenye maswali 15, halafu kifungu cha tano chenye mapengo matano na sentensi saba za kuchagua. Kila swali lina alama 2.5. Kifungu cha kwanza kwa kawaida ni cha matumizi, kama tangazo au ratiba, nacho hakihitaji kusomwa chote. Aanze na maswali, kisha atafute. Ugumu uko kwenye vifungu vya mwisho, ambavyo mara nyingi hueleza jambo la kisayansi kwa sentensi ndefu.

Tazameni sentensi hii: "The old man who repaired the bridge that the flood had destroyed refused to take any money." Mzungumzaji wa Kiswahili akiifuata neno kwa neno hapotei: mzee aliyelitengeneza daraja ambalo mafuriko yalikuwa yamelibomoa alikataa kupokea fedha yoyote. Nomino inatangulia, maelezo yanafuata. Kichina hufanya kinyume: maelezo yote hutangulia, kisha kijineno de, kisha nomino. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafsiri kichwani hukimbilia mwisho wa maelezo na kurudi kinyumenyume, na sentensi ikiwa na vishazi viwili kama hii, akifika "refused" ameshasahau ni nani aliyekataa. Wanafunzi wangu kadhaa walijibu kwamba ni mafuriko.

Dawa yake ni kalamu ya risasi. Asome kutoka kushoto kwenda kulia tu. Akifika kwenye nomino inayofuatwa na "who", "which" au "that", aweke mkwaju, yaani alama hii /, na kujiuliza: yupi, au lipi? Ajibu kwa maneno yanayofuata, afunge kwa mkwaju mwingine, kisha atafute kitenzi kikuu. Sentensi tatu kwa siku zinatosha, mradi zitoke kwenye kifungu alichokisoma siku hiyo.

Jambo la pili katika kusoma ni ushahidi. Asikubaliwe jibu lolote asiloweza kulionyesha kwa kidole katika kifungu. Kwa swali la kukisia maana ya neno aonyeshe sentensi ya kabla au ya baada. Kwa swali la dokezo aonyeshe maneno mawili yaliyomfanya adokeze hivyo. Kuhusu kifungu cha mapengo, viwakilishi na viunganishi ndivyo vinavyotoa siri: sentensi yenye "they" inahitaji wingi kabla yake, na yenye "however" inahitaji jambo la kupingwa.

Kwa wiki, ninapendekeza mazungumzo mawili ya imla, vifungu vitatu vya kusoma kwa kina, na karatasi moja kamili iliyopimwa kwa saa mwishoni mwa juma. Wanafunzi hawa hukaa darasani hadi usiku, hivyo, ukiacha karatasi ile ya mwisho wa juma, msipange zaidi ya dakika 30 kwa siku.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka kwa mwanachama aliyeko Wuhan: Lafudhi yangu ni ya pwani kabisa. Je, sitamharibia mtoto matamshi?

Jibu: Hutamharibia ukijua mipaka ya kazi yako. Sauti ya kuigwa iwe ile iliyorekodiwa, ambayo ndiyo atakayoisikia mtihanini. Wewe upo ili kusimamisha sauti mahali panapofaa, kuona sikio lilipoteleza na kueleza sababu.

Swali: Mwanafunzi wangu analala bweni na shule imekataza simu. Atasikilizaje?

Jibu: Ni kweli, tangu mwaka 2021 Wizara ya Elimu ya huko iliagiza kwamba wanafunzi wasiingie na simu shuleni isipokuwa kwa ruhusa. Mwombe mzazi amwone mwalimu wa darasa kuhusu kichezeshi kidogo cha sauti kisicho na intaneti. Jumapili umwekee mazungumzo mawili ya wiki, na maandishi yake uyachapishe na kuyafunga katika bahasha ambayo ataifungua baada ya imla.

Swali: Kuna ubaya gani kutazama filamu zenye maandishi ya Kichina chini? Anasema anajifunza sana.

Jibu: Anajifunza kusoma Kichina haraka. Achague kipande cha dakika mbili, akitazame bila maandishi yoyote, kisha na maandishi ya Kiingereza, kisha tena bila maandishi. Zaidi ya hapo ni burudani, na burudani anaihitaji, lakini isihesabiwe kama zoezi.

Swali, kutoka kwa mwanachama aliyeko Guangzhou: Kwetu naambiwa kusikiliza hufanywa kwa kompyuta. Hatua hizi zinafaa?

Jibu: Zinafaa, na hatua ya nne ndiyo uipe uzito. Guangdong, mkoa ulimo mji wenu, una mtihani wa kusikiliza na kuzungumza kwa kompyuta wenye alama 20, na Beijing unao wa alama 50. Mikoa haifanani, hivyo muulize mwalimu wake muundo wa mkoa wenu kabla hujapanga ratiba.

Swali: Anachanganya "he" na "she", na majibu ya "yes" na "no" humkanganya katika mazungumzo. Je, ni uzembe?

Jibu: Hapana, na Mswahili ndiye wa kwanza kumtetea. Kwa Kichina cha kusemwa "he" na "she" zote ni tā, kama ambavyo kwetu zote ni yeye. Ukimuuliza "Huendi?" atakujibu "Ndiyo, siendi", kama mimi na wewe, ilhali Mwingereza atasema "No". Mwandikie maswali ya kukanusha kumi, umsomee, naye ajibu kwa kuinua mkono wa kulia ikiwa msemaji anakwenda na wa kushoto ikiwa haendi. Baada ya hapo ndipo umruhusu ajibu kwa maneno. Kwa "he" na "she", katika kila imla azungushie duara viwakilishi vyote na kuchora mshale hadi kwa mhusika. Baada ya wiki mbili atakuwa anauchora kichwani.