Bodi kuu ya LoRa yenye moduli za kuchomeka: isanifu isimalize betri ikiwa imelala

Bodi inayotuma joto la ghala au kina cha maji tangini kwa LoRa (redio ya umbali mrefu inayotumia umeme kidogo) kila dakika 15 huwa macho sekunde chache tu. Muda mwingine wote imelala, na huko usingizini ndiko betri nyingi hufia. Kwa hiyo piga hesabu ya usingizi kabla hujachora waya hata mmoja.

Mfano wetu unatumia mikrokontrola ya ATmega328P yenye kristali ya 8 MHz kwa volti 3.3, redio RFM95W, regyuleta (kidhibiti cha volti) MCP1700 na seli moja ya 18650 ya mAh 2600. Usiweke kristali ya 16 MHz: kwa volti 3.3 mtengenezaji hahakikishi chipu hii kwa kasi hiyo.

Ikilala, mikrokontrola hutumia takriban mikroampea 4.5, karibu zote zikienda kwenye saa ya mlinzi (watchdog) inayoiamsha. Redio hutumia 0.2, regyuleta 1.6, na rezista za kupimia betri 3.3. Jumla ni kama mikroampea 10, yaani mAh 0.24 kwa siku. Kuamka mara 96 kwa sekunde 3 kwa miliampea 4 kunaongeza mAh 0.32. Kutuma baiti 10 kwa LoRaWAN, ambayo huongeza baiti zake za kichwa, kwa SF7 (SF ni mpangilio wa LoRa: namba ikipanda ujumbe hufika mbali zaidi lakini huenda polepole) huchukua milisekunde 62 hivi. Hata ukikadiria miliampea 90, siku nzima haizidi mAh 0.15. Ukihamia SF12 ujumbe uleule unachukua karibu sekunde 1.5, na kutuma peke yake kunafika mAh 3.6 kwa siku. Antena nzuri inayokuwezesha kubaki SF7 ina faida kuliko betri kubwa.

Sasa linganisha na AMS1117, regyuleta iliyojaa kwenye bodi za bei nafuu. Yenyewe tu hula takriban miliampea 5 hata kama hakuna kinachofanya kazi: mAh 120 kwa siku, na seli yako imekwisha baada ya wiki tatu hivi. Taa ya kuonyesha umeme yenye rezista ya kilo-omu 1 inakula mAh 30 nyingine kwa siku. Iondoe, au iweke nyuma ya jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa).

MCP1700 inahitaji kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 1 kila upande. Ongeza mikrofaradi 10 na nanofaradi 100 karibu kabisa na pini ya umeme ya redio. Kapasita ndogo za seramiki hupoteza sehemu ya uwezo zikiwa na volti juu yake, hivyo chagua za volti 16 badala ya 6.3.

Kupima betri, tumia rezista ya mega-omu 1 juu na kilo-omu 270 chini, pamoja na nanofaradi 100 kutoka pini ya analogi hadi GND (ardhi ya saketi). Bila kapasita hiyo namba zitayumba, kwa sababu rezista kubwa hivi haziwezi kulisha kipimaji cha ndani kwa wakati. Volti 4.2 inashuka hadi 0.89, chini ya rejea ya ndani ya volti 1.1. Rejea hiyo hutofautiana chipu kwa chipu, basi irekebishe kila bodi kwa multimita.

Tufike kwenye moduli za kuchomeka, yaani vibodi vidogo vya vihisi, mahali panapohitaji fikra zaidi. Tumia kiunganishi cha pini 10, safu mbili za tano. GND iwe pini 1 na 10, umeme wa moduli pini 2 na 9. Mtu akigeuza moduli kichwa chini, umeme bado unaingia sawasawa na hakuna kinachoungua. Zilizobaki: 3 SDA na 4 SCL (nyaya mbili za laini ya mawasiliano ya I2C), 5 analogi, 6 ishara ya kuamsha, 7 na 8 anwani ya nafasi. Kila moduli ibebe kumbukumbu ndogo ya 24C02 yenye jina lake. Pini zake A0 na A1 zisomwe kutoka 7 na 8, ambazo kila nafasi kwenye bodi kuu imezifunga tofauti, kwenye umeme au GND. Programu ikisoma anwani 0x50 hadi 0x53 inajua nini kimechomekwa wapi. Kumbuka kwamba BME280 (kihisi cha joto, unyevu na shinikizo la hewa) ina anwani mbili tu, 0x76 na 0x77, hivyo usitarajie tatu kwenye laini moja.

Umeme wa moduli ukatwe na MOSFET ya P (transista inayotumika kama swichi) kama AO3401: rezista ya kilo-omu 100 kutoka geti hadi sosi, kilo-omu 10 kutoka pini ya mikrokontrola hadi geti, na nanofaradi 10 kati ya geti na sosi. Kapasita hiyo huiwasha polepole. Bila hiyo, kapasita tupu za moduli huvuta umeme ghafla na chipu inajiwasha upya.

Rezista za kuvuta SDA na SCL, kilo-omu 4.7 kila moja, pamoja na pini 7 na 8 zisizokwenda GND, zifungwe kwenye umeme huu unaokatwa, kamwe si kwenye 3.3 ya kudumu. Zikifungwa kwenye ya kudumu, moduli iliyozimwa hulishwa kinyemela kupitia diodi za ulinzi ndani ya chipu zake. Kwa sababu hiyohiyo, swichi iwe moja kwa moduli zote za laini hiyo, na kabla ya kukata umeme programu ishushe pini zote zinazoelekea huko.

Redio ikae ukingoni, chini yake GND isiyokatwa. Njia ya antena ikiwa chini ya milimita 10, upana wake si wa kukuumiza kichwa. Kwa 868 MHz anza na waya wa milimita 86, kisha punguza. Wengi huishia karibu na 82. Thibitisha masafa yanayoruhusiwa kwa TCRA au kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuagiza moduli ya redio. Unganisha pini za redio DIO0 na DIO1 zote mbili, na uweke kilo-omu 10 kutoka NSS (pini ya kuichagua redio) hadi 3.3, la sivyo redio itavuruga laini ya SPI wakati wa kupakia programu. Kifaa cha kupakia kiwe cha volti 3.3: volti 5 zinaiua RFM95W.

Acha jampa kati ya betri na regyuleta kwa ajili ya kipimo. Multimita kwenye mikroampea ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo iache jampa imechomekwa wakati redio inatuma, na bodi ikishalala ndipo uchomoe jampa. Ukiona miliampea 1.6 za ziada, redio imebaki kusubiri badala ya kulala. Mikroampea 200 hivi: kipimaji cha analogi hakijazimwa. Ishirini: kilinda-volti cha ndani (BOD) bado kiko macho. Namba ikibadilika ukichomoa moduli, tafuta umeme wa kinyemela. Na ikipanda na kushuka kwa unyevu, hasa pwani, osha mabaki ya flaksi kuzunguka zile rezista za betri kwa alkoholi, kausha, kisha paka vanishi ya bodi.