Kabla hujanunua shoka la kuchanjia kuni

Baridi ya Juni inapobisha hodi Njombe na Makete, maduka ya vifaa huuza mashoka kama njugu, na swali la kila mnunuzi ni moja: lipi kali? Mimi ningemuuliza kwanza anachanja mti gani. Mwati, ambao magome yake husindikiwa ngozi, una nyuzi zilizonyooka. Hata shoka la wastani linaupasua. Paini nao hausumbui mpaka ukutane na vifundo, pale matawi yalipochipukia. Mkaratusi ndio mkorofi. Nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyozidi kukaza. Ukiangushwa leo, uchanje wiki hiihii. Tena kuni zilizochanjwa hukauka upesi kuliko gogo zima, kwa kuwa gome huzuia unyevu kutoka.

Ukishajua mti, ndipo uangalie shoka. Lile la kukatia lina bapa jembamba, limekusudiwa kukata nyuzi kwa kukingama. Ukilipiga kwenye kichwa cha gogo linazama na kunasa, na nusu ya asubuhi inaishia kwenye kulinasua. La kuchanjia lina mashavu yaliyotuna, yanayosukuma mti huku na huku mara tu makali yanapoingia. Uzito wa kilo 2.5 hadi 3 unawatosha wengi. Vijana hupenda la kilo 4 kwa sifa, lakini hesabu haiko upande wao: ukiongeza uzito mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili, ukiongeza kasi mara mbili, huongezeka mara nne. Shoka unaloweza kulirusha kwa kasi mpaka mwisho wa rundo ndilo lako.

Lipo pia shoka la mhunzi, lililofuliwa kwa springi ya gari, ambalo mkia wake hupenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kwa matawi na miti myembamba silipingi hata kidogo, maana kila pigo linazidi kulikaza. Kwa magogo makubwa mkia huohuo hugeuka kabari, na siku moja mpini wenyewe ndio unaopasuka.

Mpini, kwa maoni yangu, ndio unaostahili muda wako mwingi dukani, na wengi hawautazami. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na lenye mpini mbovu linaumiza. Ushike usawa wa jicho, fumba jingine, utazame kama umenyooka. Kisha fuata nyuzi kwa kidole: zinatakiwa kukimbia kutoka kichwani hadi mwisho. Zikitokea ubavuni njiani, hapo ndipo utakapovunjikia. Kataa wenye kifundo, na uwe na shaka na uliopakwa rangi nzito, kwa kuwa rangi huficha yote hayo. Ukichonga mwenyewe, mpera uliokaushwa polepole kivulini unafaa sana.

Kichwa kikianza kucheza, usililaze shoka ndani ya ndoo ya maji. Mbao itavimba na utadhani mambo yamekwisha, lakini ikikauka inalegea kuliko mwanzo. Gongea kabari nyembamba kwenye ncha ya mpini, juu ya tundu la kichwa unamopita. Na mpini ukivunjikia ndani, usichome kichwa motoni ili mabaki yaungue; moto unalainisha chuma na makali hayatakaa tena. Toboa kwa keekee, malizia kwa patasi.

Kama una magogo mapana au yenye vifundo, fedha ya shoka la pili nunulia kabari za chuma na nyundo kubwa. Kabari ziwe mbili kwa uchache: moja ikinasa, ya pili inaigongelea njia pembeni. Usipige kabari kwa kisogo cha shoka. Tundu hutanuka, na chuma kwa chuma hurusha vipande vinavyotafuta jicho. Kichwa cha kabari kikishachanua kingo, kisage kabla ya kazi nyingine, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazoruka. Miwani ya fundi wa kuchomelea isiyo na giza inatosha kabisa.

Panga liache kwa vibanzi vya kuwashia moto: liweke juu ya kipande, ligonge kwa rungu, na vidole visiwe njiani. Tafuta pia gogo pana la kuchanjia juu yake, la kimo cha goti au chini kidogo, ili pigo likikosa liishie kwenye mti badala ya mguu. Vaa viatu vigumu. Ndala ziache mlangoni, pamoja na watoto.

Lililobaki ni tupa. Ukiwa nayo dukani, omba uipitishe kidogo kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, chuma ni kigumu mno na kitamegeka. Ikila kwa ulaini kupita kiasi, makali yatajikunja siku ya kwanza. Likikufaa, usilinoe hadi linyoe nywele. Shoka la kuchanjia linataka makali manene kidogo, yaliyosawazishwa pande zote mbili, na kupitishwa tupa kila linapogusa jiwe au mchanga.