Kiti cha mtoto kwenye gari ya familia: somo la bibi, babu na wazazi

Somo hili nawaandikia mabibi na mababu kwanza, wazazi baadaye. Mzazi akishanunua kiti huwa ameshakubali. Anayekaa nyuma na mtoto kutoka mjini hadi shamba ni bibi, na anayemtoa kitini akianza kulia ni bibi huyo huyo. Kiti asichokiamini bibi hakina kazi.

Hoja yake tunaijua sote: "Nyinyi nyote nimekupakateni, mbona mu wazima?" Kweli tu wazima. Tulikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa nyuma ya pikapu, tumeshikana mabega, tukarudi salama. Lakini gari za wakati ule, kwa mashimo ya wakati ule, hazikwenda mbio. Leo kuna lami hadi Paje, na dereva hapunguzi mpaka afike kwenye matuta ya Jozani, waliyowekewa kima punju. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta, aliyemo ndani bila ya mkanda ni kama aliyeanguka kutoka juu mita 10. Hakuna mikono ya kumzuia mtoto hapo, hata ya baba yake. Mwambieni mzee hivyo kwa adabu, wala msimwambie kuwa alikosea kukuleeni.

Hatua ya 1: Kiti kinachomfaa mtoto

Tazama kilo na kimo, umri usikudanganye. Kwenye viti vya Ulaya, ambavyo ndivyo vingi madukani na kwenye mitumba, tafuta kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kikiandikwa R44, mtoto mchanga anakaa kwenye kiti cha hadi kilo 13, kisha kile cha kilo 9 hadi 18, halafu cha kunyanyulia, kinachomwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae sawa, cha kilo 15 hadi 36. Kikiandikwa R129 utapima kwa sentimita, na kanuni yake inataka mtoto atazame nyuma mpaka apindukie miezi 15. Akiweza kubaki hivyo zaidi, mwache. Shingo yake bado laini na kichwa chake kizito. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo.

Hatua ya 2: Mahali pa kukiweka

Siti ya nyuma. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kabisa mbele penye mfuko wa hewa ulio hai, kwani ukifumuka unakipiga kiti chenyewe na kichwa cha mtoto kiko pale pale.

Kwa Noah au Alphard, mimi napendelea safu ya kati, upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mtoto anatiwa na kutolewa ukingoni mwa barabara, si katikati ya bodaboda. Bibi akae ubavuni mwake, amuone uso. Kwenye Vitz au IST angalia siti ya katikati nyuma: gari nyingi za zamani zina mkanda wa kiuno tu pale, na viti vingi vinataka mkanda wa kupita begani.

Hatua ya 3: Kukifunga

Hapa ndipo watu wanapoharibu, basi nitakaa kidogo.

Chungulia kwanza kwenye mkunjo wa siti, baina ya mgongo na kalio. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vya duara, gari yako ina ISOFIX, na kiti chenye ndoana zake kitanasa hapo kwa mlio. Japani ililazimisha vyuma hivyo kwa magari mapya mwaka 2012. Ya nyuma ya hapo mengine yanavyo, mengine hayana.

Kama huna, tumia mkanda wa gari. Upitishe kwenye njia zilizochorwa kwenye kiti: buluu ni ya mtoto anayetazama nyuma, nyekundu ni ya anayetazama mbele. Ufunge, kisha weka goti ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako wote na uvute mkanda mpaka usilegee. Sasa kishike pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, rudia. Usishike juu, huko kitacheza tu.

Kiti cha mchanga kinatakiwa kilale kiasi, kichwa kisimwangukie kifuani akabanwa pumzi. Siti ya gari ikiwa na mteremko, na kitabu cha kiti kikiruhusu, kunja taulo gumu ulitie chini, upande wa miguu yake.

Hatua ya 4: Kumfunga mtoto

Mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo akitazama nyuma. Usawa wa mabega au juu kidogo akitazama mbele. Vuta, kisha jaribu kuuchuna mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, umelegea.

Na jua letu je! Gari ikishinda uwanjani, chuma cha kifungio kinaunguza. Funika kiti kizima kwa kanga kabla ya kushuka, na ukirudi gusa chuma kwa mkono wako kwanza.

Hatua ya 5: Mwachie bibi afunge mwenyewe

Gari ikiwa imesimama, mara tatu nne, mpaka azoee kubonyeza kile kitufe chekundu. Vidole vya wazee vinauma, na vifungio vingine vigumu mno. Jaribu dukani kabla ya kulipa.

Maswali mliyoniuliza

Mavyaa anataka mtoto azongwe kanga mbili ndipo atiwe kitini. Nifanyeje?

Mfunge mtoto kwanza akiwa na nguo nyepesi, kisha kanga zije juu ya mikanda. Zikiwa chini yake, mkanda unabana kanga na mtoto anachomoka. Mavyaa amfunike mwenyewe, roho yake itatulia.

Nimepata kiti cha mtumba Darajani, kizuri na rahisi. Nichukue?

Uliza kama kimepata ajali. Muuzaji asipojua, mimi nisingechukua. Kigeuze chini usome tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, tazama nyufa na mikanda iliyochakaa. Kwa R44, namba ya idhini ianze na 03 au 04. Kisicho na kibandiko kiache.

Sisi wa Wete hatuna gari, ni daladala na teksi tu.

Kwa teksi, nunua kiti chepesi kinachofungwa kwa mkanda na uulize kabla kama nyuma ina mikanda inayofanya kazi. Ndani ya chai maharage, zile daladala zetu za bodi ya mbao, hakuna pa kukifunga, sitakudanganya. Kaa ndani, mbali na mlango, na kama safari ni ndefu na pesa ipo, kodi gari ndogo.

Mjukuu analia tukifika Tunguu. Babu anasema nimtoe.

Mwambie babu asimamishe gari pembeni. Mtoe, mnyonyeshe au mbadilishe, mrudishe, mwende. Mtafika mmechelewa.

Mwanangu ana miaka saba, anasema kiti ni cha watoto.

Mwonyeshe mkanda unapomkata shingoni. Apande kwenye kiti cha kunyanyulia mpaka mkanda ukae begani na kwenye nyonga, si tumboni. Kwa watoto wengi ni kimo cha baina ya sentimita 135 na 150. Na mwambie gari anayoipanda imetoka Japani, ambako tangu 2000 mtoto wa chini ya miaka sita hapandi gari bila kiti. Yeye ameshapita hapo, sasa anapanda cha wakubwa.

Kuna kiti cha kufunga kwenye Vespa?

Cha kumlinda mtoto ajali ikitokea, hakuna.