Unaenda kupigwa kamera ya utumbo? Anza na jikoni kwako kabla hujakata tiketi

Watu wengi huku kusini wakiandikiwa kolonoskopi, yaani kile kipimo cha mpira mrefu mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa mpaka utumbo mpana, wanachoogopa ni kamera, wakati mara nyingi unachomwa dawa ya kukutuliza ukija kushtuka wameshamaliza. Kazi ipo kwenye chakula. Utumbo usiposafishika dokta haoni kitu, maana anachotafuta mara nyingi ni vidonda na vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, na baadhi ya hivyo vinyama vikiachwa miaka vinaweza kugeuka kansa. Sasa mabaki ya choo yakivifunika si unaambiwa rudi siku nyingine, na mtu katoka Newala huko au Nachingwea, kalipa nauli, kalala kwa watu, inauma sana jamani.

Kwahiyo siku tatu hivi kabla ya kipimo (hospitali nyingine wanasema hata tano, fuata karatasi uliyopewa) anza kubadilisha msosi. Na hapa sie watu wa Lindi na Mtwara tuna mtihani wetu, kwa sababu vyakula tunavyovipenda ndo hivyohivyo vinavyobaki tumboni. Korosho acha, hata kama ni msimu na nyumba nzima inatafuna. Ufuta acha, karanga acha, mbaazi, kunde na choroko acha. Kisamvu na mboga za majani zote weka pembeni, ming'oko pia, muhogo wenye nyuzi pia, ugali wa dona na wa mtama vilevile. Matunda yenye mbegu ndogondogo kama mapera na pasheni ndo kabisa usiguse, na nyanya utoe maganda na mbegu au uache tu. Vitu hivi sio vibaya, siku zote ndo vinatupa afya, ila mbegu na nyuzi hazisagiki zikaisha, zinaenda kuziba kile kimpira kinachonyonya uchafu wakati dokta anafanya kazi.

Utakula nini sasa? Wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, viazi mviringo vilivyomenywa, kuku bila ngozi, na samaki. Hapo kwenye samaki tumebarikiwa, changu wa kuchemsha na chumvi na ndimu anatosha kabisa, ila toa miba vizuri na usimtie pilipili wala nazi nyingi.

Siku moja kabla ya kipimo kwa kawaida chakula kigumu hakuna, ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu, yaani ukimimina kwenye glasi unaona upande wa pili. Maji, chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa ikabaki maji matupu, maji ya dafu yaliyochujwa (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, dafu lina potasiamu nyingi). Uji hapana hata uwe mwepesi vipi, maziwa hapana, na kitu chochote chekundu au zambarau usinywe, juisi ya rozela, ya ubuyu, soda nyekundu, kwa sababu ile rangi ikibaki ndani inafanana na damu na inamchanganya anayeangalia.

Alafu dawa yenyewe ya kusafisha. Mara nyingi ni unga unaochanganywa na maji mengi, zipo za lita 2 na zipo za mpaka lita 4, na siku hizi wengi wanaigawa, nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo, yaani masaa manne mpaka sita kabla ya muda wako. Iweke iwe baridi kidogo, kunywa glasi moja kila baada ya dakika 10 au 15, kichefuchefu kikija pumzika nusu saa uendelee, usiishie njiani eti kwa sababu umeshaanza kuendesha. Unatakiwa uendeshe mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yanayopitisha mwanga, kikiwa bado cha kahawia au kina vipande mwambie nesi mapema kabla hujaingia chumbani. Na tafadhali usibadilishe ukanywa dawa ya kienyeji ya kuharisha, mama zetu wanazijua nyingi, lakini kiasi chake cha kunywa hakijulikani na unaweza kuishiwa maji na chumvi mwilini ukazidiwa.

Kingine ambacho hakipo kwenye karatasi nyingi ni basi. Kama kipimo kiko Dar, hizo ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na dawa hii haikupi nafasi ya kumwomba dereva asimame. Safiri mapema, fikia kwa ndugu au gesti yenye choo ndani ya chumba, ndo uanze kunywa. Hata anayetoka Masasi kuja Mtwara mjini nashauri alale karibu na hospitali. Beba karatasi laini na mafuta ya mgando ya kupaka, maana njia inachubuka.

Dawa unazomeza kila siku zitaje zote siku unapopangiwa tarehe. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kwa kawaida vinasimamishwa karibu wiki moja kabla maana vinafanya choo kiwe cheusi na kinate. Dawa za kisukari zinapunguzwa kwa sababu huli, za kuyeyusha damu usiache mwenyewe bila dokta kusema, na mwenye figo au moyo apewe dawa ya kusafisha inayomfaa. Ikiangukia Ramadhani ongea nao pia, kwa sababu ile dawa ya alfajiri na maji yake ni lazima, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku yake baadaye.

Siku yenyewe acha kunywa kitu chochote kuanzia muda waliokuambia, angalau masaa mawili kabla, na nenda na mtu mzima wa kukurudisha, bodaboda peke yako na dawa ya usingizi bado kichwani hapana.